Roboti ni mtumwa, ni mashine, au ni taa ya barabarani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa malori, natoa mzigo Dar nashusha Lusaka, na mara mojamoja nafika hadi Johannesburg. Huko kusini ukiuliza njia unaambiwa "ukifika kwenye roboti kata kushoto". Mara ya kwanza nilitafuta roboti kweli, la chuma, lenye macho. Nikazipita taa tatu huku nalitafuta, nikapotea. Sasa juzi binti yangu wa kidato cha tatu kaniambia mwalimu wao kawafundisha kwamba "roboti" ni Kicheki, maana yake "mtumwa". Nikamuuliza, mtumwa gani huyo anakaa juu ya nguzo anawaka nyekundu na kijani? Tukabishana mpaka mama yake akatutimua sebuleni. Neno hili limetoka wapi hasa, na nani mkweli kati yetu?

JIBU: Marahaba, dereva. Pole kwa kupotea, na pole zaidi kwa kutimuliwa sebuleni. Nianze kwa kukuvunja moyo kidogo: binti yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Ila na yeye hajafika. Neno ni la Kicheki, hilo halina ubishi, lakini mtumwa kwa Kicheki ni otrok. Roboti limezaliwa na neno jingine, robota, na kulielewa itabidi unifuate kwanza mashambani, kwa wakulima na mabwana zao, kabla hatujafika kwenye mashine yoyote.

Neno hili nililipata vibaya mwenyewe, ndiyo maana nalipenda. Miaka ya themanini nilisomea uhandisi wa migodi Ostrava, mji wa makaa ya mawe na chuma, mashariki ya Ucheki ya leo, wakati huo sehemu ya nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Kabla ya yote tulipewa mwaka mzima wa lugha. Tukafundishwa kwamba "kazi" ni práce, tukakariri, tukafaulu mtihani. Halafu alfajiri moja, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, nikapishana getini na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiishi jirani na hosteli yetu. Kitambaa kichwani, kikapu mkononi, anatembea kama aliyechelewa treni. Nikamsalimu, nikamuuliza anawahi wapi. "Do roboty," akanijibu bila kusimama. Mimi na Kicheki changu cha darasani nikasikia anakwenda kwenye roboti! Nikakaa na fumbo hilo mpaka jioni, wenzangu wenyeji waliponicheka vya kutosha, ndipo wakanieleza: mama wa watu alikuwa anakwenda kazini tu.

Kwa watu wa Ostrava, kama kwa jirani zao Wapoland na Waslovakia, robota ni kazi ya kawaida, kibarua cha kila siku. Warusi nao husema rabota kwa maana hiyohiyo. Lakini ukifika Praha, mji mkuu wa Wacheki, kwenye Kicheki cha vitabuni, robota ni kazi ya kusukumwa, ya jasho bila shukrani. Hiyo maana ya Praha ndiyo inayotuhusu, na ina historia ndefu.

Kwa karne nyingi huko Bohemia na Moravia, majimbo ya Wacheki, mkulima alikaa kwenye ardhi ya bwana, na bwana alimdai siku. Siku kadhaa za wiki aliacha shamba lake akaenda kulima la bwana, bila malipo. Siku hizo ndizo zilizoitwa robota. Asiye na mnyama alifanya robota ya mikono: kuvuna, kupura nafaka, kukata kuni, kuchimba mitaro. Mwenye farasi au ng'ombe alifanya robota ya kukokota, yaani anakuja na wanyama wake mwenyewe, anachosha wanyama wake mwenyewe, kwa shamba la mwingine. Na mvua ikinyesha wakati wa mavuno, wewe dereva unaweza kukisia ngano ya nani iliingizwa ghalani kwanza. Juu ya hayo, kuhama kijiji, kuoa, au kumpeleka mtoto akajifunze ufundi, vyote vilihitaji ruhusa ya bwana.

Mwaka 1680 wakulima wa Bohemia waliasi. Jeshi likawatuliza, halafu Kaisari Leopold wa Kwanza, aliyewatawala kutoka Vienna, akatoa amri kwamba robota isizidi siku tatu kwa wiki. Mwaka 1775, baada ya miaka ya njaa kali, wakaasi tena, wakatulizwa tena, na malkia wao Maria Theresa akatoa amri nyingine iliyopanga kila mtu kwa kiwango chake: mpangaji asiye na ardhi siku 13 kwa mwaka, kupanda juu hadi mwenye shamba kubwa, siku tatu kwa wiki na wanyama wake. Mwaka 1781 mwanawe Joseph wa Pili akawaruhusu kuhama na kuoa bila kuomba. Robota yenyewe ikabaki. Ilifutwa tarehe 7 Septemba 1848.

Sasa angalia jambo moja. Serikali ya Vienna ilikuwa ikiandika kwa Kijerumani, na Kijerumani hicho kilikwisha kulichukua neno la wakulima likaandikwa hivi: Robot. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu yeyote kuota mashine yenye mikono, neno "Robot" lilikuwa limejaa kwenye makaratasi ya serikali, likihesabu siku za watu.

Hapo ndipo naposema "mtumwa" ni tafsiri ya haraka mno. Mtu wa robota hakuuzwa sokoni. Jioni alirudi kwake, kwa mkewe na kuku wake. Kilichochukuliwa kwake ni siku. Na Kiswahili kina neno la jambo hilo, tena zuri, ila limeanza kusahaulika: shokoa. Kazi ya lazima, ya bure, ya kukusanywa. Binti yako akitaka kumsahihisha mwalimu wake kwa adabu, amwambie robota ni shokoa.

Lipo na neno jingine ambalo kila nikifikiria roboti linanijia lenyewe. Marehemu babu yangu aliwahi kukata mkonge upande wa Tanga, na hadi anakufa hakupenda kuitwa "mkulima" wala "mfanyakazi" wa miaka ile, alisema, "Mimi nilikuwa manamba." Watu waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakapewa namba, na namba ndiyo iliyoitwa asubuhi. Kutoka kwenye "namba" wakawa manamba. Siku zilihesabiwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, na siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Babu alikuwa analikumbuka jina la kila ng'ombe wa baba yake, lakini namba yake mwenyewe ya shambani alisema ameisahau. Sikuwahi kumwamini.

Turudi kwenye Kicheki. Ndani ya robota kuna mzizi wa kale wa Kislavoni, ukoo wa lugha za Kicheki, Kirusi na jirani zao, nao ni rab, na huo kweli ni mtumwa. Mwalimu wa binti yako bila shaka ameupata hapo. Lakini mzizi ni mzizi tu. Sisi tuna kitenzi "tuma", na humo wametoka mtumwa, mtumishi, na mtume. Mtu akikwambia mtume maana yake ni mtumwa kwa kuwa mzizi ni mmoja, utamtazama usoni uone kama ni mzima. Mzizi ule wa Kislavoni nao una ndugu wa kushangaza: wataalamu wa lugha za Ulaya wanaupandisha hadi kwenye shina ambalo kwa Kigiriki limezaa neno la yatima, na kwa Kijerumani limezaa Arbeit, yaani kazi. Ukitafakari kidogo inaingia akilini. Katika ukoo wa kale, mtoto aliyefiwa, asiye na wa kumtetea, ndiye aliyepewa kazi ambazo wenye baba hawakuzitaka. Kwetu nani amekulia kwenye nyumba ya watu wengi asijue habari hiyo?

Basi, wazee waliokuwa wameonja robota walikuwa bado hai wakati Karel Čapek anazaliwa, mwaka 1890, kaskazini-mashariki mwa Bohemia. Robota ilikuwa imefutwa miaka 42 tu. Karel alikuja kuwa mwandishi wa gazeti na wa michezo ya kuigiza. Kaka yake Josef, aliyemzidi miaka mitatu, alikuwa mchoraji. Waliandika pamoja na kubishana pamoja.

Mwaka 1920 Karel akapata wazo la mchezo. Kiwanda kimoja kisiwani kinatengeneza watu wa bandia wa kufanya kazi zote duniani. Wazo likaja, jina la watu hao halikuja. Yeye mwenyewe alisimulia gazetini, mkesha wa Krismasi wa 1933, ilivyokuwa. Alimfuata Josef aliyekuwa amesimama mbele ya turubai anachora kwa kasi, brashi zinasugua. Akamweleza mchezo. Josef akamwambia, bila kugeuka, basi uandike. Karel akasema tatizo hajui awaiteje wale wafanyakazi. Alifikiria laboři, kutoka neno la Kilatini la kazi, lakini anaona linanuka karatasi, limekaa kivitabu mno. Josef alikuwa na brashi mdomoni. Akanung'unika kupitia kwenye brashi: "Basi waite roboti." Akaendelea kuchora.

Ndiyo hadithi nzima. Kamusi za watu na maswali ya mtihani kila siku humpa Karel sifa ya kulibuni neno, na Karel alikuwa ameandika makala ile mahususi kusema kwamba si yake, ni ya kaka yake. Mimi hunifurahisha kwamba neno lililokuja kutumika duniani kote lilisemwa na mtu aliyekuwa anataka mdogo wake amwachie nafasi amalize picha.

Ona pia uchaguzi wenyewe. Laboři lingefaa kwa wasomi. Roboti lilifahamika na mtu yeyote ukumbini, kwa sababu bibi yake alikuwa amemhadithia robota. Hadhira ya Praha ya tarehe 25 Januari 1921, mchezo ulipofunguliwa kwenye Ukumbi wa Taifa, haikuhitaji kamusi. Waliposikia roboti walisikia watu wa shokoa. Ni kama leo uandike tamthilia ya watu wa kutengenezwa kiwandani, uwaite manamba, uipeleke Muheza kule Tanga.

Jina la mchezo ni R.U.R., kifupi cha jina la kampuni: Roboti wa Rossum wa Kazi Zote, kwa tafsiri yangu. Na hapa ndipo wengi wanaponiangalia kana kwamba nawatania: roboti wa mchezo ule si chuma hata kidogo. Ni nyama. Mzee Rossum, ambaye jina lake limechezewa kutoka rozum, yaani akili, amegundua kitu kinachofanana na uhai. Kiwandani kuna mapipa ya kukandia unga wa nyama kama ule wa maandazi, vinu vya kusokotea mishipa na neva kama nyuzi, na utumbo unaotoka kwa mita. Ukikutana nao njiani huwezi kuwatofautisha na binadamu. Kuna kichekesho kizuri mwanzoni kabisa: mgeni, Bi Helena, amekuja kisiwani kuwatetea roboti. Anamkuta karani wa kike, anakataa katakata kuamini kwamba ni roboti. Halafu wanaingia wakurugenzi wa kiwanda, binadamu kamili wenye digrii zao, na Helena anaanza kuwahutubia kuhusu ukombozi wao, akidhani ndio roboti.

Walichopunguziwa roboti hao ni kila kisichohitajika kazini. Mpwa wa Rossum alikuwa mhandisi, akaona binadamu amejaa vikorokoro: anataka kucheka, anataka kupiga muziki, anataka kwenda matembezini. Akaviondoa. Akabaki na kiumbe anayefanya kazi, basi. Nimefanya kazi migodini miaka mingi, nimekaa vikao vingi vya bajeti, na nakuhakikishia mpwa wa Rossum nimeshakutana naye mara kadhaa, kavaa kofia ngumu.

Mwisho wa mchezo roboti wanaasi na kuwaua watu wote kisiwani isipokuwa mmoja, Alquist, fundi wa ujenzi. Kiongozi wao anaamuru aachwe hai. Sababu yake: huyu naye ni roboti, anafanya kazi kwa mikono yake kama sisi. Mwonyeshe binti yako hapo. Ndani ya mchezo uliolizaa neno, binadamu mwenye damu anaitwa roboti na hakuna kosa lolote la lugha, maana wanaangalia mikono.

Sasa chuma kiliingiaje? Mchezo ulikimbia. Oktoba 1922 ulikuwa New York, mwaka uliofuata London, na lugha nyingi zilichukua mchezo pamoja na neno lake bila kulitafsiri. Huko nje hakuna aliyejua robota ni nini. Neno lilifika uchi, limeacha bibi na mashamba yake nyuma. Watu walichokiona jukwaani ni viumbe wa kiwandani wanaotembea kwa kukakamaa, na kwa enzi zile za injini, kitu cha kiwandani ni chuma. Mwaka 1928 kwenye maonyesho London alisimamishwa mtu wa bati aliyeitwa Eric, anayenyanyuka, anayeinama, anayeonekana kuhutubia. Kifuani ameandikwa herufi tatu: R.U.R. Ndugu zetu wa Praha walikuwa wameandika nyama, London wakachonga bati na kulibandika jina la nyama.

Karel hakupenda. Mwaka 1935 aliandika gazetini kulalamika juu ya hayo mapipa ya chuma yanayotembea kwa jina la roboti wake. Hakuna aliyemsikiliza. Neno likishapanda basi halimsikilizi tena aliyelikatia tiketi. Mwaka 1961 mkono wa kwanza wa chuma wa kiwandani, Unimate, ulianza kazi kwenye kiwanda cha magari cha General Motors huko New Jersey. Kazi yake ilikuwa kuchomoa vipande vya chuma vilivyotoka kumiminwa, bado vya moto, na kuvipanga, kazi ambayo watu walikuwa wakiungua nayo. Haukuwa na kichwa wala miguu, na hakuna aliyeshangaa kuuita roboti.

Josef hakuyaona hayo. Karel alifariki siku ya Krismasi 1938. Josef alikamatwa na Wajerumani tarehe 1 Septemba 1939, siku ile vita vilipoanza, akazungushwa kambi hadi kambi, na akafia Bergen-Belsen mwaka 1945, wiki za mwisho za vita.

Na taa yako ya Johannesburg? Hapo unatakiwa urudi miaka ya mwisho ya 1920 na ya 1930. Kabla ya hapo katikati ya njia panda alisimama askari, kanyoosha mikono, anasimamisha huyu anampitisha yule. Uingereza ilipoanza kuweka taa zinazojibadilisha zenyewe, magazeti yalikuwa bado na ulevi wa mchezo ule na wa Eric. Kila kitu kilichofanya kazi ya mtu bila mtu kiliitwa roboti. Askari kaondoka, kasimama roboti. Waingereza wakalichoka neno na kurudi kwenye "taa za barabarani". Afrika Kusini ilikuwa imeshalipokea, ikalikalia, likapanda hadi Zimbabwe na Zambia, na lugha za huko zimelichukua. Kizulu husema irobhothi. Halikupita Tunduma. Sisi huku tulishajisemea mataa, na mtu wa Dar ukimwambia "kwenye mataa ya Ubungo" hakuulizi tena, hata baada ya barabara za juu kujengwa pale.

Kwa hiyo swali ulilomrushia binti yako, mtumwa gani anakaa juu ya nguzo, lina jibu: yule aliyechukua shokoa ya askari wa trafiki. Anasimama juani na mvuani, halipwi, harudi nyumbani. Ukiipenda hadithi hii ya kuzunguka na kurudi, sikia ya Kinshasa. Mwaka 2013 zilisimamishwa njia panda za mji ule mashine ndefu za alumini zinazotumia umeme wa jua, zilizobuniwa na mhandisi wa Kikongo, Thérèse Izay Kirongozi. Zilikuwa na kichwa, kifua na mikono, na ziliongoza magari kwa kuinua mkono kama askari. Ungeelekezwa hapo "kata kushoto kwenye roboti", hata wewe usingepotea.

Nimalizie na jambo la ngeli, maana najua binti yako atakuuliza ili akukomoe. Roboti "anafagia" au "inafagia"? Nawasikia watu wakisema vyote viwili, na wahariri wenzangu hugombana. Rai yangu: kifaa cha kufagia chumba kinachozunguka kama kobe chini ya kitanda, roboti hii. Lenye uso, linalosimama na kukusalimu, ulimi wenyewe unateleza kwenda "huyu", na mimi siusahihishi. Wacheki wana ugomvi uleule. Kwao nomino za kiume zenye uhai zina wingi wake na zisizo na uhai zina wake. Roboti wa kwenye mchezo, kwa kuwa Karel aliwahesabu miongoni mwa viumbe, wingi wao ni roboti, mwisho i. Mashine za kiwandani huwa roboty, mwisho y. Na ile mashine ya jikoni ya kukatia vitunguu na kukandia unga, ambayo rasmi wanaiita roboti wa jikoni, wingi wake ni wa vitu visivyo na uhai, kama meza.

Hii mitindo mipya ya kukata neno na kubaki na "boti", kama kwenye chatboti, siipendi kwa sababu zangu za Kiswahili: boti ni ya kwenda Zanzibar. Kwa Mcheki ni vibaya zaidi, kwani kwake bot ni "viatu" ukitaka kusema jozi tano za viatu. Aliyekata amekata pasipo mzizi. Ile rob yenye shokoa yote ndani yake imebaki sakafuni.

Na sisi tulipolichukua neno, tuliongeza i mwishoni kwa desturi yetu, kama tulivyofanya kwa benki na basi, maana Kiswahili hakipendi kufunga mdomo kwenye konsonanti. Hatukujua kwamba kwa kufanya hivyo tumeangukia wingi wa Kicheki, tena ule wa wenye uhai. Kwa hiyo safari ijayo, ukisimama Lusaka taa nyekundu na kumpigia binti yako simu kwamba uko kwenye roboti, Mcheki akisikia atakuonea wasiwasi: kwake yeye utakuwa umezungukwa na kundi lao.